Mistari ya Shamba la Barabarani

Waterloo, Iowa
16 Mei 1949

Kwako Baba,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako nimeshaambiwa, tena mbele za watu.

Leo mchana tulikuwa tunakula kiwandani. Tjark Wubben, huyu mtoto wa jirani yetu aliyeanza kazi hapa majira ya baridi, akakaa mbele yangu, akafungua mkate wake taratibu, akasema, "Eilert, babako mwaka huu anapanda mahindi au anachora nyoka?" Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilicheka, nikidhani ni utani. Baadaye akanieleza vizuri. Kwamba mahindi ya shamba la barabarani yamechipua, na mistari yake inakwenda huku ikirudi kule, mingine imepandana. Kwamba watu wakitoka kanisani Jumapili wanapunguza mwendo wa magari waione. Kwamba Dieken, mwenye shamba, alisimama kabisa, akashusha kioo.

Hilo ningelimeza. Lakini Tjark anasema wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakakuuliza, na kwa kinywa chako ukajibu kuwa ni pombe. Baba! Wewe uliyenichapa kwa kunusa chupa ya mjomba. Mama angekuwa hai, angekufa tena.

Nilikuwa nimlete Marjorie mwezi wa sita muonane kabla ya ndoa. Simleti. Kwao ni watu wa kanisa la Methodisti ambao hata siki wanaitazama kwa mashaka. Nitamwambia nini? Na umefikiria tarehe moja Machi, mkataba utakapokwisha? Dieken hatampa mlevi shamba lake mwaka mwingine. Wewe na mdogo wangu Foelke mtakwenda wapi?

Nimeandika kwa hasira na sifuti kitu.

Mwanao,
Eilert


Shambani
22 Mei 1949

Kaka Eilert,

Barua yako Baba aliisikia kabla sijaiona, kwa ile breki ya gari la posta inayolia. Akaniambia nimsomee, kama kawaida. Nimemsomea kwamba hujambo, kiwandani kazi ni nyingi, Tjark Wubben anasalimu, na Marjorie hatafika mwezi wa sita kwa sababu dada yake anaumwa. Huyo dada nimemtunga mimi. Kama hana, mtafutie.

Sasa kaa chini. "Kama kawaida" nimeiandika makusudi. Baba haoni.

Sisemi kwamba anahitaji miwani. Anaona mwanga na giza, na pembeni kidogo, kama mtu anayechungulia kupitia pazia zito. Daktari wa mjini alishasema hakuna dawa. Mwaka juzi na mwaka jana, na mwaka huu pia, aliyepanda ni mimi. Navaa ovaroli lake na kofia yake na koti lake lenye kola, napanda trekta, na mtu wa barabarani anaona Harm Janssen yuko kazini. Yeye hukaa mwisho wa shamba, kwenye nyasi, akihamisha kigingi cha waya kila nikigeuza. Ule waya wa mafundo, unaoifanya mashine idondoshe mbegu kwa nafasi sawa, anaujua kwa vidole, haumpi shida. Ndiyo mistari ile waliyokuwa wanaisifia kanisani. Ulipoandika Krismasi kwamba unafurahi Baba bado ana mkono imara, nilimsomea yeye, akakohoa, nami nikaenda kutazama ng'ombe wasiohitaji kutazamwa.

Siku ile ya nyoka nilikuwa kwa binamu Gretje aliyejifungua. Kina Wubben ng'ambo ya barabara wakaanza kupanda. Unajua mkulima akisikia trekta la jirani liko kazini na lake limelala: anawashwa mwili mzima, hawezi kukaa kwenye kiti. Wewe umehamia mjini, lakini hata wewe ulizaliwa na huo muwasho. Akaenda mwenyewe. Nilimkuta kwenye ngazi za mlango wa jikoni, ana vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu. Akaniuliza imekaaje. Nikamwambia imekaa vizuri. Ningemwambia nini?

Kisha yakachipua, na wazee wakaja, Siebels na Heyen. Walikunywa chai vikombe vitatu kila mtu, wakasifia maziwa, wakauliza habari za nguruwe. Ndipo Siebels akaweka kijiko ndani ya kikombe kuonyesha ametosheka, akasema, "Harm, sisi ni ndugu. Ni chupa?" Baba akasema, "Ndiyo. Ni chupa." Nilikuwa na birika mkononi, sijui lilivyobaki mkononi.

Walipoondoka nilimfokea, nakiri. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mlevi anaweza kutubu, Foelke. Kipofu atatubu nini?"

Ameshapiga hesabu yake. Mlevi aliyetubu, Dieken atamvumilia mpaka Machi na labda baada ya Machi. Kipofu ataondolewa. Na tukiondolewa hapa, hakuna shamba lingine litakalotupokea, mzee asiyeona na msichana. Yeye ataishia kwenye chumba cha mtu mjini, anasikiliza saa ya ukutani.

Usimwambie mtu. Na usimwandikie tena maneno kama yale. Nimechoka kutunga wagonjwa.

Mdogo wako,
Foelke


Waterloo
30 Mei 1949

Foelke mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako chooni kiwandani, mahali pekee ambapo Tjark hanifuati. Nimeona aibu. Niliandika kuhusu Mama. Nashukuru hukumsomea yale, na nina hasira nawe vilevile, kwa sababu umenificha miaka yote hiyo kana kwamba mimi ni mtu wa mkopo wa benki.

Kuna jambo linanisumbua, nijibu wazi. Majira ya baridi yaliyopita nilipata barua ya Baba kwa mwandiko wako. Ulisema mkono wake unauma. Aliniambia nirudi nyumbani, shamba linanisubiri, chumba cha juu kimepigwa rangi. Sikujibu, nilikuwa nimeshakutana na Marjorie. Je, yale yalikuwa maneno yake, au yako?

Nimekuwa nikiwaza jinsi ya kulitatua hili. Dieken hawezi kuandika mkataba na msichana, hilo tusidanganyane, hakuna mwenye shamba kaunti nzima aliyefanya hivyo. Anataka mwanamume. Basi mwanamume ni mimi. Lakini hapa wamenipa usimamizi wa meza nzima, na Marjorie hajawahi kukamata kuku. Silali vizuri. Nikienda kazini kichwa kiko shambani, nikifika kazini nafunga nati nikifikiria magugu. Msimamizi ameniuliza kama nina homa.

Marjorie kweli hana dada. Ana kaka wawili, chagua mmoja.

Kakako,
Eilert


Shambani
10 Julai 1949

Kaka Eilert,

Umengoja jibu muda mrefu kwa sababu ya shamba la barabarani. Kule kwingine mistari imenyooka kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo palizi inakwenda kwa trekta pande zote mbili na unapiga miluzi. Hili moja haliwezekani, trekta linakata mahindi. Nimelipalilia kwa jembe la mkono, mstari kwa mstari, kofia ya Baba kichwani, na kila gari likipita linapiga honi. Wengine wananihurumia, binti wa mlevi. Mke wa Wubben aliniletea pai ya mboga za ugwadu akaniambia nisimchukie babangu. Nilikula yote.

Kuhusu barua ile ya baridi: yalikuwa maneno yake, kila neno. Hicho chumba cha juu ni changu, nami ndiye niliyekipaka rangi ili kiwe chako na mkeo. Alipokuwa anasema niandike, niliwaza kuandika kitu kingine, sikudanganyi. Sikuandika. Nikimsomea Baba barua zako kwa uongo, hilo nafanya kwa moyo mweupe, maana ni uongo wa kumfunika. Lakini neno lake likitoka kinywani kwenda kwako silibadilishi.

Yeye ulevi umemkubali. Usicheke. Kuna wanaume watatu kanisani ambao kumbe waliwahi kunywa, hatukujua, na sasa wanamshika mkono mlangoni na kumnong'oneza wavumilie pamoja. Wanamletea pipi za pereminti. Naye anawashukuru kwa sauti ya mtu aliyeteseka. Njiani kurudi, kwenye gari ninaloendesha mimi kwa sababu "mlevi hapaswi kuendesha", anakula pipi zote mbili mbili.

Dieken alikuja wiki iliyopita. Alimwambia Baba amemsamehe, lakini Machi anataka jina lako kwenye karatasi au hakuna karatasi. Kisha akanigeukia akasema dada yake mjini anatafuta mtu wa kukaa naye, kupika na kufua, na kwamba nitapata chumba kizuri chenye dirisha. Aliniambia kama anayenipa zawadi. Baba akasema, "Unaona?"

Sijui ninakwenda wapi na barua hii. Nakaa, nainuka, nakwenda mpaka zizini, narudi. Usiniulize ninachotaka kama hukusudii kusikia.

Foelke


Waterloo
18 Septemba 1949

Kwako Baba mpendwa,

Najua vidole vinakusumbua, kwa hiyo sikutarajia barua ndefu toka kwako.

Nimeamua. Nitarudi. Tarehe moja Machi nitakuwa hapo na mke wangu na vyombo vyetu, na nitatia sahihi mkataba wa Dieken. Tutafunga ndoa Januari. Marjorie amelia kidogo, kisha akaazima kitabu cha ufugaji wa kuku maktaba, akafika ukurasa wa tano akakilaza. Lakini amekubali. Kiwandani nitaaga mwisho wa mwaka.

Hukunilea niwaachie wengine mzigo. Umepanda shamba lile tangu kabla sijazaliwa na sitakubali litoke mikononi mwetu kwa sababu mimi napenda mshahara wa Ijumaa. Wewe utakaa nasi, kiti chako kilekile. Foelke naye atapumzika sasa, amefanya kazi ya kutosha.

Mwanao akupendaye,
Eilert


Shambani
2 Oktoba 1949

Mwanangu Eilert,

Foelke anaandika, maneno ni yangu, mkono wangu bado mbaya. Barua yako nimesomewa mara mbili. Sijapata habari njema kama hiyo tangu siku uliyozaliwa. Nimemwambia Dieken, amefurahi, amesema sasa anaweza kulala. Mahindi ya mbali yamekomaa vizuri, tutaanza kuvuna wiki hii. Mwambie mkeo asiogope kuku. Chumba cha juu ni chenu, kimeshapakwa rangi. Na usiwe na wasiwasi kuhusu dada yako, tumeshapanga naye, mwezi wa pili atahamia kwa dada yake Dieken, na ameridhika

Hapa nimeacha. Sasa hivi ni mimi, Foelke.

Ameniambia niandike "na ameridhika kabisa." Nikaweka kalamu mezani. Akasema, "Umeandika?" Nikasema sijaandika, na siandiki. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu si kweli. Eilert, nimemwandikia huyu mzee barua zake zote, za kwako, za Dieken, za mauzo ya nguruwe, na sijawahi kumkatalia neno hata moja, hata yale yaliyonichoma. Leo nimemkatalia moja.

Akasema kwa sauti ya chini, "Basi tuandike unataka nini?" Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikamwambia nataka shamba. Sitaki kukusaidia wewe, Eilert, kulilima, wala sitaki kona ya kulala. Nataka shamba hili, kwa jina langu, nipande kwa kofia yangu. Yeye akainuka, akatafuta mlango kwa mkono, akatoka nje.

Na wewe, "Foelke naye atapumzika." Nani alikwambia nimechoka?

Naipeleka posta hivi hivi, nusu yake na nusu yangu. Hajarudi ndani. Namuona kwa dirisha amesimama kando ya mashine ya kuvunia, ameiwekea mkono.

Foelke


Waterloo
7 Oktoba 1949

Foelke,

Barua yako niliipata jana, nikatoka kazini bila kuaga, nikaenda kupiga simu. Ulikuwa kwenye mahindi. Najua Baba hatakusimulia, kwa hiyo nakusimulia mimi, ndugu yako mjinga.

Nilitaka kuongea na wewe. Akapokea yeye. Nikasema, "Baba, ni Eilert." Akasema, "Nimekutarajia. Subiri, usiseme kitu."

Nikasubiri. Unajua laini yenu inashirikiwa na nyumba tisa, yeyote akiinua simu anasikia, na kengele ya simu ya mbali ikilia kila mtu anaijua. Nikasikia tik, mtu ameinua mkono wa simu. Tik nyingine. Nikamwita tena. Akasema, "Subiri, bado hawajafika wote. Mke wa Wubben yuko, namsikia anavyohema. Siebels huwa anachelewa, ana mguu mbovu." Tukakaa kimya, mimi mjini nikitia sarafu, yeye hapo, na watu wote wale wamebana pumzi. Tik. Akasema, "Haya. Karibu, Siebels."

Kisha akasema hivi, nimeyaandika palepale kwenye bahasha ili nisiyakosee: "Mimi sijaonja pombe tangu ndoa yangu. Mimi ni kipofu. Mahindi mliyoyasifia ni ya Foelke, na yale mliyoyacheka ni yangu. Sasa mwambieni Dieken, na mumwambie kabla ya jioni, maana mimi siwezi kumwandikia na mwandishi wangu amegoma."

Hakuna aliyekata simu. Nikasikia mtu anapenga kamasi. Baba akaniambia, "Na wewe baki kazini kwako," akaweka simu chini.

Nilikaa kwenye kile kibanda mpaka mtu akagonga kioo. Sasa nikwambie ambalo sijamwambia hata Marjorie. Nilipoandika kwamba nitarudi, nilitaka nionekane mwana mwema, na usiku uleule nilitamani mtu anizuie. Badala yangu, aliyezuiwa akawa wewe. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utajibu nini. Ungejibu, ningelazimika ama kukunyang'anya huku nakutazama, ama kukiri silitaki. Nisamehe.

Dieken amesema nini? Niandikie haraka. Siwezi kutulia.

Eilert


Shambani
30 Oktoba 1949

Kaka Eilert,

Ulisema haraka, lakini sikuwa na la kukuandikia mpaka juzi.

Dieken alikuja jioni ileile ya simu. Hakuingia ndani. Alinikuta uwanjani akaanza kufoka kwamba mwaka wa pili huu anawatambia watu mjini mistari ya Harm, kumbe anatamba kwa mistari ya msichana. Nilimwacha amalize. Akazunguka zunguka, akavunja hindi moja, akalichambua, akalitupa kwenye toroli. Mwishowe akatoa wazo lake. Jina lako liandikwe, uje Machi kutia sahihi na urudi mjini, nami nibaki kufanya kazi kama nilivyokuwa. Mambo yatakwenda, na hakuna atakayesema kitu.

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nikangoja ajibu yeye, miaka yote anajibu yeye. Akageuza uso kwangu. Eilert, ni kitu kizuri alichokuwa ananipa, ningebaki, ningelala chumbani kwangu, ningepanda. Nikasikia mdomo wangu unasema hapana. Jina langu au atafute mtu mwingine. Dieken akamtazama Baba, Baba akasema, "Usinitazame mimi, sikuoni." Akapanda gari akaondoka.

Wiki tatu, kimya. Tukasikia mtu wa kaunti nyingine ameletwa kutazama shamba akiwa barabarani. Nilivuna kila siku na kila siku nilijiita mpumbavu. Mikono inafanya kazi, kichwa kinafungasha vyombo. Mara mbili nilikaa kukuandikia uje utie sahihi, yaishe. Kanisani nako Siebels amekasirika kuliko alipodhani Baba ni mlevi, anasema wamemwombea majira yote bure. Baba amemwambia ayahamishie kwenye macho maombi hayo. Pipi zimekoma kuja, na hilo limemuuma kweli.

Juzi nilikuwa shamba la mbali, Dieken akaja kwa miguu katikati ya mabua. Nikazima mashine. Akanipa karatasi bila salamu. Akasema, "Mwaka mmoja tu." Nikasoma jina, nikasoma tena. Nikatia sahihi juu ya tairi. Akaikunja, akasema nisije nikaumwa wakati wa kupanda, akaenda zake. Nilipomweleza Baba aliniuliza kama nimewasha tena mashine au nimekuja kupiga soga wakati mahindi yako nje. Kisha akaomba nimsomee karatasi. Nilimsomea kama ilivyo, mpaka nambari za chini.

Nimekusamehe, lakini si kwa mara moja. Itachukua muda, na muda ninao.

Tarehe moja Machi, mikataba ya mashamba ikiisha, nchi hii yote itakuwa barabarani inahama, vitanda juu ya malori, kuku kwenye makreti. Njoo siku hiyo na Marjorie. Msilete vyombo. Mlango wa jikoni ni wa watu wa nyumba hii; nyinyi piteni mlango wa mbele, mbishe hodi. Nitawafungulia mimi.

Foelke Janssen